Koti Lisilo na Mtu

Makoko, Jumatatu, 21 Februari 1983

Kwa wakwe zangu mjane hagombani. Mumewe akishazikwa anafunga mdomo mpaka matanga yamalizwe. Akimjibu mtu kwa hasira, wanasema anamfukuza marehemu kabla hajafika aendako. Nyamhanga wangu tulimzika Januari. Matanga yatamalizwa masika yakikatika, ulezi ukivunwa na pombe ikipikwa. Mimi Marcelina, ninyamaze muda wote huo? Labda wanizike naye. Nitagombana humu, kwenye daftari nililokuwa naandikia vipimo vya wateja. Wateja wenyewe hawaji tena. Kitambaa hakuna Musoma nzima, nimpime mtu nimshonee nini?

Wa kwanza kugombana naye ni Selestina, mwalimu mpya wa chekechea. Leo nimempeleka mjukuu wangu Wegesa. Ana miaka mitano na anaishi na mimi, kwa sababu mama yake, Getruda, mtoto wangu pekee, ni muuguzi Bunda na hajaolewa. Nilitegemea kukuta watoto wamekaa kwenye mkeka wanaimba a, e, i, o, u. Nimekuta wamelala kifudifudi kwenye vumbi, wanasema wao ni kamongo. Mwalimu naye kalala. Binti wa watu, kasomeshwa, kalala chini anajiita samaki.

"Mwalimu," nikamwambia, "haya ndiyo masomo yenyewe?"

"Karibu mama. Tuko ndani ya tope, tunangoja mvua ije ituamshe."

Ningekuwa si mjane angenitambua.

Alhamisi, 24 Februari

Mvua ya kwanza. Paa limevuja palepale. Nyamhanga alisema ataliziba Januari.

Jumatano, 2 Machi

Mwalimu anataka vitambaa! Kila mtoto alete kipande, washone watu wa kuchezea. Huyu binti anaishi nchi gani? Mwezi uliopita nimemshonea katekista suruali ya viroba vya unga, na akipiga magoti kila mtu anasoma jina la kinu kwenye makalio yake. Halafu yeye anataka vitambaa vya mchezo.

Sindano hawana, kwa hiyo wanatumia zile za mbao za kushonea nyavu, na uzi wa nyavu. Mimi nimezeeka kwenye cherehani, mjukuu wangu anafundishwa kushona kama anatega sato. Nimemwambia amwambie mwalimu akaombe kitambaa duka la ushirika. Huko hata buibui wamehama.

Jumatatu, 7 Machi

Foleni ya sabuni tangu alfajiri. Sabuni ikaishia kwa aliyekuwa mbele yangu. Mvua ilininyeshea bure.

Ijumaa, 11 Machi

Sasa wanaoka. Mwalimu na watoto wamejenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, nyuma ya chekechea, na kila mtoto kaambiwa alete unga kiganja kimoja. Wegesa kachota wangu wa muhogo bila kuniuliza. Amerudi na kitu cheusi juu, kibichi katikati, kimechomekwa mbegu za mpapai kama vifungo.

"Bibi, hii ni keki. Nimeitunga mimi."

"Keki haitungwi, inapikwa. Na sukari iko wapi?"

"Sukari ni ya kusema tu. Ukitafuna unasema 'sukari'."

Nimetafuna. Ilikuwa mbaya, na ilikwaruza meno. Alikaa mbele yangu akinitazama mdomoni mpaka nikasema hilo neno. Nimekula yote kwa sababu unga ni wangu, si kwa sababu nyingine yoyote.

Alhamisi, 17 Machi

Shemeji yangu Makongoro kafika kutoka Mwitongo, huko Butiama, viatu vimejaa tope, akaingia navyo mpaka chumbani. Hakunipa pole. Kapiga ukuta wa nyumba kwa kiganja, kama anavyopigwa ng'ombe mnadani, kisha akaomba kuona koti.

Niandike habari za koti, nisije nikachanganyikiwa kwa hasira. Kwenye ukoo wao mtu akifa na hakuacha mtoto wa kiume, ndugu yake anarithi. Lakini harithi kwa maneno. Siku ya kumaliza matanga wazee wanamvika koti alilolivaa marehemu kwenye vikao vya ukoo. Hilohilo, si jingine, na liwe zima, kwa sababu wanasema koti lenye tundu linamwacha marehemu uchi. Likishamkaa mabegani, nyumba ni yake, mjane ni wake, na Wegesa pia ni wake, maana mtoto wa binti asiyeolewa ni wa ukoo. Kabla ya hapo hakuna kinachoguswa.

La Nyamhanga ni jeusi, la sufu. Nililishona mwenyewe mwaka tuliohamia Makoko. Makongoro kalifungua kwenye mwanga wa dirisha akitafuta matundu ya wadudu. Hakuona.

"Koti nzuri," akasema. "Ulikuwaga fundi kweli, shemeji. Na hii mtoto inakua vizuri. Itakuja kuleta ng'ombe."

Wegesa alikuwa mlangoni. "Mimi si hii," akasema. "Mimi ni Wegesa."

Nikamfinya anyamaze. Mimi ndiye ninayetakiwa kunyamaza, na nimemfundisha yeye.

Jumanne, 29 Machi

Vita ya wahujumu uchumi imeanza. Mgambo wanapekua nyumba. Jirani yangu Eufrasia, mwenye doti tano za khanga alizoletewa na kaka yake kutoka Sirari, mpakani, kaogopa, akaenda kuzitupa ziwani. Asubuhi zote zilikuwa zimerudi ufukweni, zimetandazwa vizuri kama zimeanikwa. Hakuna aliyethubutu kuokota. Watu waliovaa magunia walisimama wakatazama khanga mpya zikioza.

Makongoro kanitumia salamu kwa dereva wa lori: nichunge sana nyuzi zangu za cherehani, siku hizi mtu anaweza kuripotiwa. Ahsante, shemeji. Nimekuelewa.

Jumapili, 3 Aprili. Pasaka

Padri kanisisitizia tena baada ya misa: mjane akikubali kurithiwa, komunyo basi. Nikamuuliza, na asipokubali, nani atamzika? Kasema Mungu. Padri hajawahi kuona Mungu akichimba kaburi Butiama.

Alhamisi, 14 Aprili

Leo nilikwenda chekechea kumwambia Selestina kwamba namtoa mtoto. Nilishayapanga maneno njiani, yote ya sauti ya chini, ya kimjane, lakini yenye pilipili. Mvua ilikuwa imepungua. Nilipofika nyuma ya jengo nikasikia vilio vya msibani, vile vyetu hasa, vya kupandisha na kushusha. Nikadhani mtu kafa.

Walikuwa watoto. Walikuwa wanacheza matanga.

Kasmiri, mtoto wa Eufrasia, alikuwa amesimama juu ya jiwe. Mwingine alikuwa mzee wa ukoo, kajibandika pamba ya mto kidevuni. Wegesa alikaa chini, kajifunga kitambaa kichwani kama mimi, miguu kaikunja kama mimi, mkono shavuni kama mimi. Sikujua kwamba nakaa vibaya namna ile.

"Lete koti," akasema yule mzee.

Wakaleta gunia. Wakamvika Kasmiri, na Kasmiri akajipiga kifua. "Nyumba yangu! Sufuria yangu! Bibi yangu!"

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa kaketi pembeni anamenya muhogo, kana kwamba mambo yale ni ya kawaida.

Ndipo Wegesa akainuka. Hakulia wala hakufoka. Akamwendea Kasmiri, akamvua gunia, akalikunja vizuri, akalikalia.

"Sitaki," akasema. "Koti la babu ni la babu. Wewe una koti lako na linanuka."

Watoto wakacheka mpaka mzee wa ukoo akadondosha ndevu. Neno hilo 'sitaki' mimi sijawahi kulitamka mbele ya mtu, hata mbele ya Eufrasia, hata kwa padri. Sijaliandika hata humu. Nilipitisha macho kwenye kurasa zote baada ya kurudi: hakuna. Mtoto kalitoa wapi?

Nilimvuta mwalimu pembeni. "Unawafundisha watoto matusi ya ukoo?"

"Sijawafundisha, mama. Mimi nawapaga nafasi na gunia. Hayo mengine wanakuja nayo toka nyumbani."

"Unasema nyumbani kwangu kuna matusi?"

"Nasema Wegesa anakuonaga, mama."

Binti mdogo, hana mume, hana mtoto, na unga wa muhogo umemganda hadi kwenye nyusi, ananiambia mimi habari za kuonwa. Nilimchukia kuliko siku zote. Nikarudi nyumbani, na mtoto sikumtoa. Nitamtoa Jumatatu.

Jumatatu, 18 Aprili

Mvua. Sikumtoa.

Jumatano, 27 Aprili

Mvua. Dagaa hazikauki, mtaa mzima unanuka. Makongoro kaleta habari kwamba ulezi Mwitongo umekubali. Siku imewekwa: Jumamosi tarehe 28 Mei, hapa kwangu.

Alhamisi, 5 Mei

Nimelikuta koti limekatwa.

Nilikwenda kulianika kwa sababu ya unyevu. Kwa nyuma lilikuwa zima. Nilipoligeuza, mfuko wa kushoto haupo, na pale ulipokuwa pana dirisha kubwa kama sahani, limepita mpaka kwenye bitana. Mkasi wangu mkubwa ulikuwa chini ya kitanda.

Sikuuliza. Nilimchapa kwa mwiko, na mila haikutaja kuchapa kwa hiyo sikuvunja kitu. Alilia huku kakumbatia fuko lake la shule, hataki kuliachia. Nikalinyang'anya. Ndani mlikuwa na mtu wa kitambaa. Kichwa cha kiroba, macho ya uzi wa nyavu, na mwilini koti jeusi la sufu lenye mikono miwili na kola. Ameshona kola! Mtoto wa miaka mitano, kwa sindano ya mbao. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine.

"Huu umekosea," nikasema, kwa sababu nilikuwa nahitaji kusema kitu.

"Sijakosea. Babu alikuwaga anachechemea."

Nikakaa kitandani.

"Nani alikwambia ukate koti?"

"Mwalimu alisema tulete kitambaa ambacho nyumbani hakina mtu wa kukivaa." Akavuta kamasi. "Koti halina mtu, bibi."

Jumamosi, 7 Mei

Maneno hayakai Makoko. Makongoro kafika, na safari hii kaja na mzee Keraryo, mkuu wa ukoo, mtu mkavu, hacheki wala hafoki, mila zote ziko kichwani mwake kama misumari kwenye mlango. Koti wakaliweka mezani. Keraryo akapitisha mkono kwenye tundu, vidole vikatokea upande wa pili.

"Hii hairithishi," akasema.

Makongoro akawa mwekundu wa macho. Akaenda chekechea, sisi nyuma yake. Ilikuwa siku isiyo ya masomo lakini Selestina alikuwapo na watoto kadhaa, wanaoka. Makongoro hakusalimia. Akalipiga tanuri teke, na tena, na tena, mpaka likabomoka na makaa yakaruka, na vikeki vya watoto vikasambaa kwenye tope. Kasmiri aliokota chake akakipuliza.

"Wewe ndiyo unafundishaga watoto kukata nguo za wafu?" akamfokea mwalimu. "Mbuzi! Utatoa mbuzi! Na kazi hii utaiacha!"

Selestina alisimama kati yake na watoto. "Mimi niliomba kitambaa, baba. Kosa ni langu, nilipaswa kutazama wanachokileta. Mtoto msimguse."

"Mtoto hii ni ya kwetu. Tarehe ishirini na nane inaenda Mwitongo ikapate adabu."

Keraryo akanigeukia mimi. "Wewe ni fundi. Koti ulishona wewe. Tundu lisipoonekana, koti litakuwa zima, nitalipokea. Likionekana, sitalipokea."

Hakuniuliza kama naweza, wala kama nataka. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilitamani meno yangu yavunjike kwa jinsi nilivyoyabana.

Jumanne, 10 Mei

Naweza. Hilo ndilo linaloniudhi. Ndani ya pindo niliacha kitambaa cha akiba, maana nilijua Nyamhanga atanenepa. Hakunenepa. Kitambaa ni kilekile, rangi ileile. Nimeanza kuziba.

Jumatatu, 16 Mei

Mwalimu kaja kuomba radhi, kaleta mayai. Nimemwambia hajui kazi, na kwamba watoto wa watu si udongo wa kuchezea, na kwamba ningekuwa naruhusiwa kufoka angesikika mpaka Buhare. Yote kwa sauti ya kanisani. Akasikiliza mpaka mwisho. Akatazama koti magotini mwangu, robo ya tundu imebaki.

"Kazi safi sana, mama. Haionekani kabisa."

Nilidhani ananisifu. Baadaye nikaona machozi yanamtoka, na nikataka kumrushia mayai yake.

Alhamisi, 19 Mei

Wanajenga tanuri jipya. Mvua imelibomoa. Wamejenga tena. Watoto hawa hawana akili.

Jumatano, 25 Mei

Koti limekwisha. Nimempa Eufrasia atafute tundu lilipokuwa. Kageuza, kalinusa, kashindwa. "Mama Getruda, hakuna fundi kama wewe," akasema. Kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimeifanya kwa ajili ya mabega ya Makongoro.

Wegesa hanisemeshi. Kamweka babu yake wa kitambaa dirishani, kamgeuza anipe mgongo.

Ijumaa, 27 Mei

Mvua imekatika. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia.

Wegesa alikuwa anafungasha. Hakuna aliyemwambia afungashe. Kwenye fuko lake aliweka sindano ya mbao, uzi, kipande cha keki kilichokauka, na yule babu. Nikamuuliza anacheza nini. Akasema hachezi.

Nilikaa nikilitazama koti kwenye msumari. Tangu Nyamhanga afe nimegombana na kila mtu humu: mwalimu, padri, mgambo, mvua. Hakuna hata mmoja aliyesikia. Mtoto alinyanyuka mbele ya watu akasema sitaki, mimi nikamfinya, nikamchapa, kisha nikakaa nikaziba kwa ustadi ile nafasi aliyonifungulia. Naona aibu. Na nina hasira, zaidi ya aibu.

Nikalitungua koti. Nikachukua mkasi mkubwa na mtoto, tukaenda chekechea.

Watoto walikuwa wanalizunguka tanuri. Nikatandika koti kwenye mkeka, nikaanza na mkono wa kulia, juu kwenye bega. Mkasi wa fundi ukiingia kwenye sufu nzuri unatoa sauti ya ng'ombe akikata majani. Selestina akapiga ukelele, "Mama! Kesho!"

"Najua kesho ni lini. Sogea, unanikinga mwanga."

Nikakata yote. Mgongo, mikono, kola. Kile kiraka changu kizuri nilikikata vipande viwili katikati. Nikawapa watoto wote, mmoja mmoja, nikawaambia, "Kitambaa hiki hakina mtu wa kukivaa. Kitengenezeeni mtu." Wakaanza kubishana: wa kwangu atakuwa babu, wa kwangu ni mvuvi, wa kwangu ni kamongo mwenye koti. Mwalimu akanisaidia kutunga nyuzi. Anashika sindano kama anashika jembe. Nikamrekebisha.

Kasmiri aliniuliza kama Makongoro atakuja kupiga teke. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi, 28 Mei

Walifika na mitungi ya pombe kutoka Mwitongo, ukoo mzima. Makongoro alikuwa amenyoa. Getruda alikuwa amekuja kutoka Bunda, akasimama nyuma yangu. Mzee Keraryo akakaa kwenye kigoda, akasema kama yule mtoto mwenye ndevu za pamba alivyosema:

"Lete koti."

Sikuinuka. Wegesa akatoka ndani na babu yake wa kitambaa, akamweka magotini mwa mzee. Kisha wakaja wenzake kutoka uani, kila mmoja na mtu wake wa kitambaa, wakawaweka juu ya yule wa kwanza. Wengine walikuwa hawajamaliza, sindano zinaning'inia. Keraryo alimwinua mmoja, akasugua sufu kwa kidole gumba. Alikuwa anaitambua.

Sitaandika aliyoyasema Makongoro. Alipiga kelele mpaka watu wakatoka ufukweni. Alinishika kitambaa cha kichwani akakivuta. Alitaka koti lake la nyumbani liletwe, avikwe hilo, papo hapo.

"Kaa chini," Keraryo akamwambia. "Mila haina koti jingine. Koti hakuna, mrithi hakuna. Nyumba haiguswi, mjane haguswi, mtoto haguswi."

Kisha akanitazama mimi, na sijawahi kutazamwa vile. "Usifikiri umeshinda. Matanga hayakuisha, wala hayataisha. Utakufa mjane, na siku hiyo hakuna mtu wa kwetu atashika jembe. Pombe yetu tunaondoka nayo."

Wakaondoka nayo. Hakuna aliyeniaga. Getruda akanifunga tena kitambaa kichwani. Keraryo alikuwa mita chache barabarani nilipoona kwamba wale watu wa kitambaa wote kawaacha kwenye kigoda, kasoro mmoja.

Jumatatu, 30 Mei

Kama matanga hayataisha, basi mimi siruhusiwi kugombana mpaka nife.

Asubuhi Makongoro, aliyebaki mjini nyuma ya wenzake, alipita mbele ya nyumba kutafuta lori la kurudi Butiama, akatema mate mlangoni. Nikatoka. Nikamwambia sitaki. Nikamwambia kwa sauti yangu yote, ile niliyokuwa nayo kabla ya Januari: habari za viatu vyake vya tope, habari za kumwita mjukuu wangu "hii" kama mbuzi, habari za tanuri la watoto alilolipiga teke mwanaume mzima na ndevu zake, habari za koti lake linalonuka. Eufrasia alitoka, wavuvi wakasimama na ndoo zao, katekista naye kwenye suruali ya viroba. Makongoro akaenda zake, na mimi nikaendelea kumfokea mgongo.

Kisha nikaenda chekechea, kwa sababu sikuwa nimemaliza. Nikamwambia Selestina, kwa sauti hiyohiyo, kwamba tanuri lake mdomo umekaa upande wa upepo, kwamba sindano za mbao ni za nyavu, kwamba kuanzia kesho nitaleta zangu za chuma na atakayepoteza hata moja nitamla nyama. Naye akanijibu! Akasema kwenye chekechea yake hakuna mtoto wa kuchapwa kwa mwiko, iwe nina sindano au sina. Tulipandishiana hadi kuku wa padri wakakimbia.

Wegesa akaja akanivuta khanga.

"Bibi, gombaneni polepole. Keki inaungua."